Ushanga Mweupe wa Robo ya Nne

Asubuhi ile wageni walikuwa wakiteleza juu ya mawingu. Ndivyo ilivyoonekana kutoka dirishani kwa Ndekirwa Lyatuu. Theluji ilianzia kileleni ikashuka polepole, kama shuka linalovutwa na mtu aliye usingizini, mpaka ilipofika penye ukungu ikaingia humo na kupotea. Watu wenye mbao miguuni walikuja wakipinda huku na huku, suti nyekundu, suti za njano, bila sauti yoyote, wakazama ukunguni mmoja baada ya mwingine. Baada ya muda viti vya kamba viliwaibua tena, wamekaa wawili wawili, miguu ikining'inia, wanarudishwa juu wakaanze upya.

Ndekirwa alikuwa na miaka hamsini na miwili na hajapata kuvaa mbao hizo hata siku moja. Kazi yake ilikuwa nyingine. Alikuwa Kinywa.

Mara nne kwa mwaka, siku ya kutangaza matokeo ya robo, alifungwa ushanga kooni, akasimamishwa mbele ya kamera, akasoma. Wageni wangapi wamekuja, vitanda vingapi vimelaliwa, tiketi za viti vya kamba zimeingiza nini, faida kiasi gani, gawio kiasi gani kwa kila hisa. Nusu saa, basi. Kazi iliyobaki ilikuwa kukaa.

Sheria ya kusomewa ilipita yeye akiwa kijana. Ilikuwa baada ya ile miaka ambayo mashine ziliandika ripoti, mashine nyingine zikazikagua, na mashine za tatu zikanunua hisa, mpaka siku moja ikagundulika kwamba benki mbili na kampuni moja nzima ya meli hazikuwepo duniani. Zilikuwa ripoti tu. Wazee walipoteza akiba zao. Tangu hapo soko la hisa likataka ripoti isomwe na mtu mwenye damu, kwa sauti yake mwenyewe, ushanga ukiwa kooni. Ushanga ulisikiliza koo. Msomaji akiamini anachosema, ulibaki mweupe kama jino la mtoto. Asipoamini, weusi uliingia ndani yake taratibu, kama tone la wino kwenye maziwa. Wanunuzi wakaacha kuhangaika na tarakimu. Wakawa wanatazama koo.

Kwa hiyo kila kampuni ilitafuta mtu anayeamini. Mkweli hakufaa, maana mkweli ana maswali mengi. Alitakiwa mtu wa kuamini. Ndekirwa aliishia darasa la sita, akaenda kukata majani ya ng'ombe, na aliwahi kuuziwa baiskeli moja mara mbili na mtu yule yule. Kampuni ya Theluji Mpya ilipomjaribu na ushanga, ulibaki mweupe hata alipoambiwa kwamba chai aliyopewa imetoka mwezini. Wakampa kazi palepale.

Walimlipa kuliko mainjinia. Walimpa nyumba yenye madirisha makubwa upande wa theluji na redio iliyopiga muziki peke yake. Wiki tatu kabla ya kusoma hakuruhusiwa kuongea na mfanyakazi yeyote wa matangi ya kutengenezea theluji wala kushuka kijijini. "Tunakutunza, Mzee Ndekirwa," mkurugenzi alikuwa akimwambia. "Wewe kwetu ni yai."

Naye alikubali kuwa yai. Jambo moja tu lilimkera, na lilikuwa jambo la nyumbani.

Ukoo wake ulikuwa na mfereji kule Nkwakira, uliochimbwa na mababu kuteremsha maji ya mlima hadi kwenye migomba. Kila miezi mitatu ilikuwa siku ya mfereji. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja mwenye jembe, mfereji ukasafishwa, zamu za maji zikapangwa upya. Asiyefika alitoa debe la mbege, pombe ya ndizi. Ndekirwa aliambiwa na watu wa kampuni kwamba mara tatu mfululizo hakufika, kwamba faini alilipa kwa simu. Yeye mwenyewe hakukumbuka kitu. Kila alipojaribu kuzikumbuka siku hizo alikuta usingizi mweupe tu, na mafua. Lakini faini tatu ni aibu kubwa. Mtu wa faini tatu ni mtu aliyehama, ila hajaaga.

Alhamisi hiyo, siku nne kabla ya kusoma matokeo ya robo ya nne, alivaa koti la kazi, akachukua jembe alilolificha nyuma ya kabati, akapita mlango wa jikoni na kuteremka.

*

Alitembea saa tatu. Alipofika juu ya Nkwakira jua lilikuwa limeshapanda, na jua lenyewe lilimshangaza. Utotoni mwake saa kama hiyo ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, unadondoka majanini kama watu wanaonong'ona. Sasa anga lilikuwa wazi, kavu, rangi ya sufuria.

Watu kama ishirini walikuwa ndani ya mfereji, wamepangana kuufuata mlima, wanachimba. Majembe yalipanda na kushuka. Vumbi lilinyanyuka na kubaki hewani. Ndekirwa alisimama ukingoni, ikamchukua muda kuelewa anachokiona. Walikuwa wakisafisha mfereji ambao haukuwa na maji. Hata tope halikuwemo. Walikwangua majani makavu na kusawazisha kingo kwa uangalifu wote, kama watu wanaotandika kitanda cha msafiri.

"Huyooo!" sauti ya mwanamke ikaita. "Yai limeshuka!"

Ilikuwa Apaikunda, binti wa baba yake mkubwa, msimamizi wa mfereji. Alikuwa na mabuti ya mpira, filimbi shingoni, na kilemba kilichofungwa kama cha mtu anayekwenda kugombana.

"Shikamoo, Dada Apai."

"Marahaba. Umekuja tena."

"Tena? Mimi nina faini tatu, dada. Nimekuja niziondoe."

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha. Mzee mmoja akatema mate pembeni, akaendelea kuchimba.

"Faini gani?" Apaikunda akasema. "Wewe hujakosa hata siku moja. Mwaka huu hii ni mara ya nne. Unakuja na jembe hilohilo, unasimama hapohapo ukingoni, mdomo wazi hivyohivyo. Halafu unaniuliza maji yako wapi. Haya, uliza."

Ndekirwa akafunga mdomo. Kisha akauliza. "Maji yako wapi?"

"Yamekaliwa na wageni wako." Akainua kidole kuelekea juu, kwenye lile shuka jeupe. "Zile mbegu mnazomwaga huko ndizo zinazokunywa ukungu. Zinaugandisha usiku, asubuhi mnateleza juu yake. Ukungu ukinywewa juu, huku chini hakudondoki kitu. Mlipopanua viwanja upande wa magharibi, mfereji ulikufa ndani ya wiki mbili. Sasa tuna mwezi wa kumi na moja bila maji. Unataka nikuonyeshe migomba, au utaniamini hivihivi kama unavyoamini kila kitu?"

Alijua habari za mbegu baridi. Kila mtu alizijua. Barafu ya zamani ilikwisha kabla hajazaliwa, na kampuni ndiyo iliyourudishia mlima weupe kwa punje ndogo kuliko mchanga, zinazovuta unyevu wa hewa na kuushika usiyeyuke hata jua liwe kali. Alishasoma juu yake mara nyingi, kwa sauti nzuri. Kwa miaka yote hiyo hakujiuliza unyevu huo ulikuwa ukielekea wapi kabla ya kuvutwa.

"Kama nilikuja," akasema polepole, "mbona sikumbuki?"

 Apaikunda akafungua pindo la kilemba, akatoa majani matatu makavu ya isale, marefu, kila moja limefungwa fundo.

Ndekirwa hakuhitaji kuelezwa. Isale ndilo jani la mpaka na ndilo jani la kuomba radhi. Ukimkosea mtu, hata ukimwulia ng'ombe, ukimpelekea isale lililofungwa fundo hawezi kukukatalia msamaha. Na fundo lile alilijua. Lilizungushwa mara mbili kutoka kushoto, kama alivyomfundisha marehemu baba yake, aliyekuwa anatumia mkono wa kushoto. Hakuna mwingine Nkwakira aliyefunga hivyo.

"Mara ya kwanza ulilia," Apaikunda akasema. "Ukakata isale pale mpakani kwa Materu, ukaniletea kwa mikono miwili. Ukasema unakwenda kuwaambia wakubwa. Nikakusamehe. Mara ya pili, isale. Nikakusamehe. Mara ya tatu nilikuona unatoka kwa Materu na jani mkononi nikatamani kukimbia, maana nikilipokea nimeshasamehe, sina ujanja. Nikalipokea." Akayarudisha majani kwenye pindo. "Leo usiniletee jani, Ndekirwa. Nisikuone hata karibu na ule mpaka. Msamaha wangu umekwisha, umeumaliza bila hata kujua kwamba unakula."

"Unataka nini basi, dada?"

"Nataka ukumbuke. Tuanzie hapo."

Akapuliza filimbi, watu wakahama hatua kumi kwenda juu. Ndekirwa akashuka mferejini pamoja nao, akachimba vumbi mpaka saa nane.

*

Mtu mwingine angekimbilia polisi au magazetini. Ndekirwa alirudi juu akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, kwa kuwa hakuwahi kufikiria kwamba maswali ya kampuni yanapelekwa kwa mtu mwingine.

Salha Mbwana alikuwa mwanamke wa Tanga, mwembamba, mwenye ushungi wa kijivu na sauti ya kubembeleza mgonjwa. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, jedwali la robo limetandazwa mbele yake. Alipoona vumbi kwenye koti la Ndekirwa alifumba macho kidogo.

"Umeteremka, mzee wangu."

"Nimeteremka, mama. Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema. Hakumzungusha. "Nimeletewa habari juzi tu. Nimeshtuka kama wewe."

Akamketisha, akammiminia chai. Akamweleza bila haraka. Robo ya nne ilikuwa nzuri kuliko zote tangu kampuni ianze. Wageni elfu arobaini na moja. Vitanda tisini na sita kati ya kila mia vimelaliwa. Mapato yamepanda kwa asilimia kumi na nane ukilinganisha na robo kama hiyo mwaka jana. Upande wa magharibi peke yake ndio ulioleta ongezeko hilo lote. "Jumatatu ukisoma ushanga ukaingia weusi, hisa zitaanguka kabla hujamaliza kumeza mate. Wafanyakazi elfu moja mia moja na arobaini. Na chama cha ushirika cha Nkwakira kimeweka fedha za kahawa humu, unalijua hilo? Dada yako huyo msimamizi naye ana hisa."

"Najua. Nilisaidia kumshawishi."

"Mimi nitaufungulia mfereji maji robo ijayo. Nakuahidi. Tutafunga mitambo ya magharibi usiku mbili kwa wiki, ukungu utashuka. Lakini nipe robo moja niwaandae wanahisa. Sisemi usome uongo. Nasema usijue, kwa siku nne tu. Kuna chumba."

Ndekirwa akazungusha kikombe mkononi. Nje wageni walikuwa wanashuka, wanazama, wanaibuka.

"Mama, usichukie," akasema. "Vaa ushanga uniambie hayo maneno tena."

Salha alimtazama, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyeguswa penye ukweli wake. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ushanga, akavuta ushungi kando na kuufunga kooni. "Robo ijayo nitaufungulia mfereji wa Nkwakira maji," akasema.

Ushanga ulibaki mweupe. Mweupe kabisa.

Ndekirwa akashukuru. Maneno hayo yalikuwa na uzito wa kushikika. Robo moja. Miezi mitatu. Watu waliovumilia miezi kumi na moja, watavumilia na mitatu. Akasimama. "Nionyeshe chumba," akasema.

*

Chumba kilikuwa chini ya matangi. Kuta, dari, sakafu, vyote vyeupe, na hewani zilielea punje ambazo hazikuanguka. Zilipanda na kushuka mahali pamoja, kama vumbi kwenye mwale wa jua, ila hapakuwa na jua. Kulikuwa na vitanda viwili vya chuma na meza moja. Mezani alikaa Kisamo, mtu mzito mwenye sweta la kufuma, anakula karanga.

Kisamo alieleza kazi yake kama fundi anavyoeleza bomba. Mbegu hizi ni zilezile za nje, ila zimesagwa. Unazivuta kwa pua kwa muda wa saa mbili. Zinashika kumbukumbu mbichi, za siku mbili tatu, zile ambazo hazijakauka, zinazigandisha zinavunjika. Za zamani haziguswi. Hauumii. Unaamka na mafua.

"Weka jina lako hapa," akasema, akasukuma karatasi. "Kwamba umetaka mwenyewe."

Ndekirwa akashika kalamu.

"Na wewe mama," Kisamo akamgeukia Salha, akitafuna, "nikutayarishie kile kitanda chako cha ukutani, au leo utalala hiki cha mlangoni?"

 Punje zikaendelea kuelea.

"Kitanda changu?" Salha akauliza.

Kisamo aliacha kutafuna. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyekanyaga kitu laini. "Aa. Bado hujaamua. Kwa kawaida nikikuuliza unakuwa umeshaamua." Akajifuta mikono. "Basi nimeharibu. Ila siku moja ningeharibu tu, kichwa changu kimejaa."

"Bwana Kisamo, sema unachosema."

Akavuta faili mbili, akazifungua mezani kando kwa kando. Kushoto karatasi tatu zenye jina la Ndekirwa, mwandiko wake wa darasa la sita, herufi zimelala. Kulia karatasi tatu zenye jina la Salha, sahihi yake ndefu yenye mkia.

"Mkaguzi wa soko naye humfunga mkurugenzi ushanga, siku moja kabla ya kusoma," Kisamo akasema. "Anauliza swali moja tu. Kuna jambo unalificha? Kwa hiyo mama naye hulala hapa. Huja na huyu mzee, humwahidi robo ijayo, huyu mzee akishasinzia naye huketi pale ukutani. Hufikiri kidogo. Halafu hutia sahihi. Akiamka, ile ahadi nayo imekwenda na maji. Robo inayofuata barua ya kijiji inamfikia upya, anashtuka upya, anaahidi upya."

Salha akakaa kwenye kitanda cha ukutani. Alikaa bila kukitafuta, kama mtu anavyokaa kwenye kiti chake cha nyumbani, na alipogundua hilo akanyanyuka haraka.

"Mara tatu?" akasema.

"Mara tatu."

"Na wewe unajua yote?"

"Mimi hakuna anayeniuliza."

Ndekirwa alikuwa akitazama zile karatasi zake. "Kisamo, mimi nilipokuwa hapa nilisemaje?"

"Ya kwanza ulilia, nusura nikuache. Ya pili ulisema watoto wa watu watakula nini, ukatia sahihi. Ya tatu hukusema kitu." Akachukua karanga moja, akaitazama, akairudisha. "Ulinyoosha mkono kuomba kalamu."

Ndekirwa akaangalia mkono wake. Kalamu ilikuwamo tayari, na hakukumbuka aliichukua saa ngapi. Hilo ndilo lililomuogopesha. Kusahaulishwa lilikuwa jambo moja, lakini mkono wake ulikuwa umezoea. Mahali fulani ndani yake, kusikofikiwa na punje, mwili ulikuwa umejifunza njia ya kushuka hapa na kupenda namna inavyokuwa nyepesi.

Akaweka kalamu mezani.

"Ukisoma ukiwa unajua," Salha akasema kwa sauti ya chini, "ushanga utaingia weusi. Sisi wote tumekwisha, na kijiji chako pamoja."

"Tarakimu zenu ni za kweli, mama?"

"Za kweli zote. Mpaka senti."

"Basi utaingia weusi penye sentensi moja tu. Ile ya mwisho."

Walijua ipi. Kila ripoti ya kila kampuni ilifungwa kwa maneno yaleyale ya sheria: *Na hatujui jambo lolote ambalo hatujalisema.*

 Ndekirwa akatoka, akapanda ngazi. Alipogeuka mara moja tu alimwona bado amesimama katikati ya vitanda viwili, ushungi umejaa punje nyeupe, na Kisamo anamsogezea pakiti ya karanga.

*

Jumatatu saa nne asubuhi walimfunga ushanga. Alikuwa hajasahau kitu. Alijipima alipoamka, kama mtu anavyojipapasa mfukoni: vumbi, filimbi, majani matatu, mkono wenye kalamu. Vyote vilikuwepo.

Kama Salha alilala kwenye kitanda kile au hakulala, Ndekirwa hakujua. Hakuwa amemwona tangu Alhamisi. Ripoti iliwekwa mbele yake ikiwa na kurasa kumi na mbili kama siku zote. Nyuma ya kioo viti vya kamba vilipita na watu wao kimya.

Akasoma. Wageni elfu arobaini na moja na mia mbili. Vitanda. Tiketi. Mapato ya migahawa, ya kukodisha mbao na suti, ya walimu wa kuteleza. Gharama za umeme zimeshuka kidogo. Faida kabla ya kodi. Gawio la shilingi sitini na nne kwa kila hisa. Aliyaamini yote, maana yalikuwa kweli, na ushanga ukabaki mweupe. Kwenye kioo kidogo cha fundi wa kamera aliona mstari wa bei ya hisa ukipanda taratibu, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kamba.

Akageuza ukurasa wa kumi na mbili, ule wa sentensi ya mwisho. Chini yake kulikuwa na wa kumi na tatu.

Ulikuwa umeandikwa kwa mkono. Haukuwa na salamu. Mitambo ya magharibi, siku mia tatu thelathini na moja. Ukungu uliovutwa, kwa kadirio, lita milioni tatu na laki mbili kwa siku. Mifereji iliyokauka, mmoja: Nkwakira. Barua za kijiji zilizopokelewa, nne. Barua zilizojibiwa, hakuna. Chini kabisa sahihi ndefu yenye mkia, na tarehe ya Ijumaa.

 Aliwaona watu elfu moja mia moja na arobaini wamesimama kwenye theluji, wanamtazama, hawasemi. Alikuwa anawafahamu wengi kwa majina. Akainua ukurasa akausoma kwa sauti ileile aliyosomea gawio. Kisha akaongeza la kwake, ambalo hakuandikiwa na mtu.

"Mimi msomaji nililijua hili mara tatu mwaka huu, na mara tatu nilikubali kusahaulishwa. Chumba kiko chini ya matangi. Sikulazimishwa."

Fundi wa kamera aliacha mdomo wazi. Mstari wa bei ulisimama, ukatikisika, ukaanza kuteleza.

"Na hatujui jambo lolote," Ndekirwa akasema, "ambalo hatujalisema."

Akaushika ushanga na kuuvuta mbele auone mwenyewe. Ulikuwa mweupe.

*

Kufikia saa sita hisa zilikuwa zimepoteza asilimia thelathini na saba. Kampuni haikufa. Ilikunja miguu. Mitambo ya magharibi ikazimwa kwa amri ya Salha, saa moja kabla wanahisa hawajamwondoa kazini, na theluji ya upande ule ikaanza kulia machozi kwenye majabali. Watu mia mbili na wanane walirudishwa majumbani, wapishi, walimu wa kuteleza, wavulana na wasichana wa viti vya kamba. Wengine walimpita Ndekirwa njiani bila kumsalimia. Mmoja alimsalimia, na hiyo ikamuuma zaidi.

Siku ya kumi na moja aliteremka Nkwakira na jembe lake. Hakupita kwa Materu. Mkononi hakuwa na jani.

Apaikunda alikuwa peke yake mferejini, amekaa ukingoni, mabuti ameyavua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unanijua?"

"Nakujua. Uliniambia nisilete isale."

"Mm." Akasogea kidogo ampishe mahali pa kukaa. "Hisa zangu zilikuwa za kununulia mabati na mlango. Sasa zimebaki za mlango."

"Nasikia."

"Usinijibu nasikia kama mwanasiasa. Mtoto wa Materu amerudishwa kutoka jikoni kwenu, yuko pale kwa mama yake, hali chakula. Utakwenda kukaa naye."

"Nitakwenda."

"Leo."

"Leo, dada."

Wakakaa. Ukungu ulikuwa umeteremka asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza, mwembamba, wa kujaribu, ukapita katikati ya migomba kama mgeni asiyejua ni mlango upi wa kubisha. Sasa ulikuwa umekwisha, lakini majani bado yalikuwa yanadondosha matone.

Apaikunda akafungua pindo la kilemba. Akatoa yale majani matatu makavu, akainama, akayalaza chini ya mfereji, moja mbele ya jingine, mafundo yakielekea juu.

"Nimechoka kukutunzia," akasema.

 Kule juu, mahali ambapo mfereji unapinda jiwe kubwa, kitu chenye rangi ya vumbi kilikuwa kinakuja, chembamba kama mkia wa panya, kinasimama, kinalowesha ardhi, kinasogea tena. Ndekirwa alikitazama bila kupepesa, kwa kuwa alitaka kukishika chote, namna kilivyosimama na namna kilivyosogea. Kikafika kwenye jani la kwanza. Kikalizunguka.

Jani likajigeuza, fundo likalowa, likaanza kufunguka.